Simba wa Nani? Hadithi za Kutisha na Historia ya Hofu Kaskazini mwa Cabo Delgado

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwa bibi yangu Mtwara, hadithi zilianza baada ya chakula cha usiku. Tulikaa kwenye mkeka uani, wajukuu sita au saba, na bibi alikuwa akikuna nazi ya kesho huku akisimulia. Bibi alizaliwa Palma, upande wa pili wa Mto Ruvuma, akavuka akiwa msichana wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Hadithi zake zilikuwa za majini ya baharini, za wanawali walioolewa na wanaume wazuri wasio na kovu hata moja wakaja kugundua kwamba waume zao ni nyoka, na za simba waliobisha hodi mlangoni kwa sauti ya mama mzazi. Sisi tulipenda za simba. Tuliogopa kwenda chooni peke yetu, lakini kesho yake tuliziomba tena.

Mtu mmoja tu hakuzipenda. Bibi mdogo, yaani ndugu yake bibi, alikuja kutoka Palma mwaka 2008 na mfuko mmoja wa nguo, akaishi nasi. Kila hadithi ilipofika kwenye simba, alijikunja, akainuka polepole akishika magoti, akaingia ndani. Mimi nilidhani ni usingizi wa uzee. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni nilipojua sababu, na insha hii imetokana na sababu hiyo.

Swali ninalouliza ni hili: mwanafunzi wa historia afanye nini na hadithi ya kutisha? Wapo wanaoitupa kwa kuwa haina ukweli. Wapo wanaoisoma kama burudani, na nakiri kwamba nimo kwenye kundi hilo, kwa maana sehemu kubwa ya posho yangu ya vitabu imekwenda kwenye hadithi fupi za kutisha na ngano zilizosimuliwa upya. Wapo pia wanaoigeuza ishara ya kitu kingine, wakaona kazi imekwisha. Hoja yangu ni kwamba hadithi ya kutisha ni ushahidi wa historia, lakini inatubidi tuulize jambo moja kabla ya mengine yote: katika hadithi hii, mnyama ni wa nani? Jibu la swali hilo hubadilika kila hadithi inaposimuliwa upya, na katika mabadiliko hayo kuna watu walioumia.

Nianze na hadithi tunayoijua wengi. Mwaka 1870, Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, alichapisha London kitabu cha hadithi alizozikusanya Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mojawapo ni ya Sultani Majnuni na nunda mla watu. Wengi tunakumbuka msako: kijana mdogo kuliko ndugu zake anakwenda porini, anaua mnyama huyu na yule, kila mara anamwonyesha mama yake, na kila mara anaambiwa huyo siye. Mwishoni anampata nunda mwenyewe.

Lakini someni mwanzo wake. Nunda hakutoka porini. Alikuwa paka wa sultani. Alipokula ndama, watu walikwenda kushtaki, na sultani akawajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, sasa kesi iko wapi? Paka akaendelea na wanyama wakubwa zaidi, na jibu likawa lilelile. Akaanza kula watu, na bado sultani hakuona tatizo. Ni pale tu alipowala wana wa sultani mwenyewe ndipo sultani alipotamka kwamba huyu si paka tena, ni nunda. Mnyama huyu alikua kwa sababu mwenye naye alikuwa mkubwa mno kuambiwa ukweli. Tukumbuke pia ilisimuliwa mji gani. Steere alipokuwa akiandika, soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873. Wasikilizaji wa mji ule hawakuhitaji kufafanuliwa maana ya mtu kuhesabiwa mali ya mwingine pamoja na ndama.

Mwaka 1901 Andrew Lang aliisimulia upya kwa Kiingereza katika kitabu chake cha ngano chenye jalada la zambarau, akaipa jina la nunda mwenyewe. Jina la sultani likaondoka kwenye kichwa cha hadithi, likabaki la mnyama. Sina ugomvi na Lang. Aliwaandikia watoto wa Uingereza, na matukio aliyaacha karibu yote. Lakini mtoto anayefungua ukurasa ule anavutwa na msako wa dubwana, si na kesi ya ndama. Hapo niligundua kwamba kusimulia upya kunaweza kumwondoa mwenye mnyama machoni petu bila kumfuta.

Sasa tuvuke Ruvuma. Pwani ya kaskazini mwa Cabo Delgado, kuanzia Kionga na Palma hadi Mocímboa da Praia na visiwa vya Kirimba, ni pwani ya Waswahili kwa kila hali isipokuwa mpaka. Palma watu wana Kimakwe, Mocímboa na Ibo wana Kimwani, na Kiswahili kinaeleweka sokoni, msikitini na kwenye majahazi. Nyuma ya pwani, juu ya uwanda wa Mueda, wako Wamakonde. Wakazi wa pwani hii wana historia ndefu ya kuliwa, nikitumia kitenzi wanachokitumia wenyewe. Kisiwa cha Ibo kilikuwa bandari ya biashara ya watumwa. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, wavamizi kutoka Bukini walikuja na mitumbwi mingi wakateka watu visiwani. Kuanzia mwaka 1891 Ureno iliikabidhi nchi yote ya kaskazini kwa Kampuni ya Nyassa, iliyotoza kodi ya kibanda na kuwatumikisha watu kwa nguvu hadi mkataba wake ulipokwisha mwaka 1929. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wapagazi walichukuliwa vijijini, na wengi hawakurudi. Kwa watu wenye kumbukumbu hizo, neno "kula" halihusu chakula tu. Anayenenepa wakati wengine wanakonda lazima anakula kitu, na huenda anakula mtu.

Hata hivyo, tusikimbilie ishara. Simba wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji ni simba wa kweli, wenye meno. Watafiti wakiongozwa na Craig Packer walichapisha mwaka 2005 hesabu ya Tanzania: kuanzia mwaka 1990 hadi 2004 simba waliua watu wasiopungua 563, na Lindi na Rufiji zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Sababu waliyoieleza haina uchawi wowote. Wanyama wa porini wakipungua, simba humfuata nguruwe mwitu, na nguruwe humfuata mkulima shambani. Mkulima naye hulala shambani kwenye dungu la miti na nyasi ili kulinda mahindi au mpunga usiliwe na nguruwe. Hivyo mtu maskini, asiye na ua wala bunduki, analala katikati ya simba na kitoweo chake. Bibi yangu hakusoma makala hiyo, lakini aliposimulia, simba wake daima alikuja msimu wa kulinda mashamba.

Mwanaanthropolojia Harry West, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi katika uwanda wa Mueda, anaeleza kwamba huko watu hutofautisha simba wa porini na simba wa watu, yaani anayetengenezwa na mchawi au mchawi mwenyewe aliyejigeuza. Anasimulia pia jinsi alivyotoa mhadhara Pemba, akieleza kwamba simba hao ni ishara ya mambo ya jamii. Msikilizaji mmoja, mtu wa huko, alimsahihisha kwa adabu: simba hao si ishara, ni wa kweli. Nililisoma tukio hilo mara tatu. Sisi wanafunzi tumefundishwa kutafuta maana iliyofichika, na tukishaipata tunajiona werevu. Lakini kumwambia mtu aliyemzika mwanawe kwamba simba ni ishara ni kumnyima hata haki ya kuogopa.

Upande wa pili wa jambo hili ni mgumu zaidi. Kati ya mwaka 2002 na 2003, katika wilaya ya Muidumbe, chini kidogo ya Mueda, simba waliua watu wengi. Mtafiti Paolo Israel ameandika kwa kirefu kuhusu yaliyofuata. Watu waliuliza simba hawa ni wa nani, na tuhuma zikaanza. Wapo waliouawa na majirani zao kwa kudaiwa kutengeneza au kufuga simba. Hivyo msiba ule ulikuwa na vifo vya aina mbili: vya simba, na vya swali la mwenye simba.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2008, zamu ilikuwa ya Palma. Mwandishi Mia Couto, ambaye pia ni mwanabiolojia, anaeleza katika utangulizi wa riwaya yake *A Confissão da Leoa* ya mwaka 2012, yaani Ungamo la Simba Jike, kwamba kampuni anayofanyia kazi ilikuwa imepeleka vijana kumi na watano Cabo Delgado kusimamia mazingira wakati mistari ya utafiti wa mitetemo ya ardhi ilipokuwa ikifyekwa porini. Wakati huohuo simba wakaanza kuua. Katika muda wa miezi minne hivi waliokufa walifika ishirini. Wawindaji wawili wazoefu walitumwa Palma kutoka Maputo, wakajikuta wakiambiwa na wenyeji kwamba wahalifu wenyewe wako katika ulimwengu ambao risasi haifiki.

Couto akalichukua tukio hilo, akalisimulia upya kwa namna ambayo wasomaji wa ngano za kutisha tunaitambua mara moja: kijiji kilichojifunga, mwindaji mgeni, msichana aliyefungiwa ndani, na mnyama ambaye pengine yuko ndani ya nyumba. Kijiji chake amekiita Kulumani, na simulizi inapokezana kati ya Mariamar, msichana wa kijiji, na shajara ya mwindaji. Kadiri unavyosoma, swali linahama kutoka kwa simba kwenda kwa wanaume wa Kulumani na yale waliyowatendea wanawake wao kwa miaka mingi. Mwenye mnyama anarudishwa machoni petu. Ndiyo maana naiona riwaya hii kuwa ndugu wa hadithi ya Sultani Majnuni, ingawa moja ni ya Kireno na nyingine ya Kiswahili, na kati yao kuna zaidi ya miaka mia moja na arobaini.

Niliisoma kwa tafsiri ya Kiingereza katika likizo, nyumbani Mtwara. Nilipofika kwenye utangulizi na kuona jina la Palma na mwaka 2008, nilikwenda jikoni nikamuuliza bibi.

"Bibi, bibi mdogo alikuja mwaka gani?"

"Mwaka wa simba," akajibu, bila kugeuka.

"Alikimbia simba?"

Alinyamaza mpaka akamaliza kuchambua mchele. "Mjukuu wangu," akasema, "simba hawakuwa na shida naye. Walisema anawafuga."

Bibi mdogo alikuwa mjane. Watoto wake wawili walikuwa wamekufa wakiwa wadogo. Aliishi peke yake mwisho wa kijiji, karibu na pori, na alikuwa na shamba la minazi ambalo ndugu za marehemu mumewe walilitaka. Simba walipita karibu na kwake mara kadhaa wasimguse. Hilo likatosha. Watoto waliacha kumwamkia. Mwanamke jirani, aliyekuwa akigawana naye chumvi na moto, akaacha kupita njia ya kwake. Usiku mmoja mtu alimbishia hodi, akamnong'oneza kwamba vijana wanakutana, bora aondoke kabla ya alfajiri. Akaondoka. Hadithi tulizokuwa tukiziomba kwenye mkeka, za kikongwe anayekaa peke yake pembezoni mwa pori na ambaye simba humjia usiku, zilikuwa ni hizohizo zilizomfukuza. Bibi mwenyewe hakuona kosa kuzisimulia. Kwake hizo zilikuwa hadithi, na lile lilikuwa jambo la ndugu yake.

Hapa ndipo naiona tofauti kubwa kati ya ngano na uvumi. Katika ngano ya nunda, lawama inapanda. Mwenye mnyama ni sultani, na kila msikilizaji anajua, hata kama watu wa ndani ya hadithi hawathubutu kusema. Katika uvumi wa kijijini, lawama inaweza kuanza kwa kuwatazama wakubwa, lakini mkono unapoinuliwa humwangukia aliye karibu na aliye dhaifu: mjane, mzee, mgeni. Kampuni iliyokuwa ikifyeka pori haikuweza kukamatwa na vijana wa usiku. Serikali iliyochelewa kuleta wawindaji haikuweza kukamatwa. Bibi mdogo aliweza.

Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu mumiani na wanyonya damu Afrika Mashariki na ya Kati, alitufundisha kwamba uvumi ni nyaraka. Watu wa Nairobi au Kampala waliosema wazimamoto wananyonya damu walikuwa wakieleza ukoloni kwa lugha yao, na mwanahistoria hapaswi kuwacheka. Nakubaliana naye. Nyongeza yangu ni ndogo: nyaraka hiyo inaweza pia kuwa hati ya mashtaka dhidi ya mtu asiye na wakili. Tukiisifu kama sauti ya wanyonge, tuulize kama kuna mnyonge mwingine aliyenyamazishwa na sauti hiyohiyo.

Kwa hiyo, ninaposoma hadithi ya kutisha sasa, iwe ya mkekani, ya Steere au ya Couto, nina maswali matatu. Kwanza, mnyama ni wa nani, na mwenyewe yuko juu au chini ya msimulizi? Pili, kati ya msimulizi mmoja na mwingine, ni nani aliyeondolewa au kurudishwa? Tatu, baada ya hadithi kwisha na watu kwenda kulala, ni nani asiyelala?

Mambo yaliyofuata Cabo Delgado yameyafanya maswali haya kuwa mazito. Mwaka 2010 gesi nyingi iligunduliwa baharini katika bonde la Ruvuma, na wakazi wa rasi ya Afungi, karibu na Palma, wakahamishwa ili kupisha mradi. Tarehe 5 Oktoba 2017 vijana wenye silaha walishambulia Mocímboa da Praia, na vita vikaanza. Tarehe 24 Machi 2021 vilifika Palma mjini. Maelfu walikimbilia porini na ufukweni. Wapo waliofika Pemba kwa mashua, na wapo waliofika Ruvuma wakitafuta njia ya kuvuka. Juu ya siku zile zimekwisha kuanza kusimuliwa hadithi, na nyingine nimezisikia: za wapiganaji wasioingiwa na risasi, na za watu wanaowafadhili ambao hakuna anayewaona. Swali ni lilelile. Wanyama hawa ni wa nani? Tena naona mkono ukielekea chini, kwa mvuvi mwenye jina la pwani, au kwa aliyekimbia na kurudi peke yake.

Jioni ile ya Machi tulikaa na redio na simu moja. Bibi mdogo hakuingia ndani. Alitaka kujua habari za kila nyumba, akizitaja moja baada ya nyingine kwa kufuata njia ya kijiji kama anayetembea: kwa fundi seremala, kwa mwalimu wa madrasa, kwa ndugu za mumewe. Alipofika kwa yule jirani wa chumvi na moto, alisita, kisha akataja jina lake pia, akauliza kama ameponea. Hakuna aliyejua. Akasema, "Muulizeni tena kesho."

Kwa kuhitimisha, sisemi tuache kusoma wala kusimulia hadithi za kutisha. Mimi mwenyewe siwezi. Nasema tuzisome kama watu wanaojua kwamba hofu ina historia, na kwamba katika historia hiyo wapo walioliwa na simba na wapo walioliwa na hadithi. Wenzangu wanaokusanya simulizi za pwani kwa ajili ya tasnifu zao wana kinasa sauti na daftari. Naomba waongeze safu moja ndogo kwenye daftari hilo, ya jina la anayetajwa kuwa mwenye mnyama na ya shamba lake kama analo, kisha waende wakamwamkie na kumsikiliza na yeye. Bibi mdogo alikaa nasi miaka yote hiyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza.

Likizo ijayo nitamwomba anisimulie. Nitaanza na minazi.